Pembetatu ya Ganda la Tikiti

Mama Matunda hakuwa mtu wa kushangazwa ovyo. Miaka kumi na mitatu alikuwa amekaa na meza yake mbele ya lango la hospitali, akimenya mananasi na kukata mapapai, na katika miaka hiyo alishaona watu wanaingia wakilia na kutoka wakicheka, na wengine kinyume chake. Alishamwona baba mmoja akitoka na watoto watatu wachanga kwa mpigo, amechanganyikiwa hata akasahau anaishi mtaa gani. Ukimletea habari ya ajabu, Mama Matunda alikuwa anafuta kisu chake kwa kitambaa, anakutazama, kisha anakuambia, "Haya, ikawaje?"

Nyumbani aliishi na binti wa kaka yake. Kaka mtu alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, anaonekana mara moja kwa miezi miwili, anakula, analala, anaondoka. Binti huyo Mama Matunda alimwita Kinyonga, kwa sababu alikuwa anatumia nusu saa kuvaa viatu, na ukimuuliza kitu anazungusha macho pande zote kwanza kabla hajafungua mdomo. Hakuwa mjinga. Hakupenda tu kuweka mguu mahali ambapo hajapaangalia vizuri. Lakini shule haina subira na watu wa namna hiyo. Alikuwa darasa la saba, na hesabu zilikuwa zimemkaba koo.

Muhula ule mwalimu wao wa hisabati alikuja na amri mpya. Wanafunzi walimwita Mwalimu Rula, kwa vile hakuonekana popote bila rula ndefu ya mbao kwapani, hata akienda kunywa chai.

"Mnachojifunza leo," aliwaambia, "mkamfundishe mtu nyumbani leo hii hii. Sisemi mkamsomee daftari. Mkamfundishe mpaka aelewe. Akiwauliza swali mkashindwa, liandikeni mniletee. Na atakayemaliza wiki bila kuleta swali hata moja, nitajua hakufundisha mtu, alifundisha ukuta."

Kinyonga nyumbani kwake hakuwa na wa kuchagua. Alikuwepo shangazi, na ukuta.

"Shangazi, una nafasi?" aliuliza jioni hiyo, daftari kifuani.

Mama Matunda alikuwa ameketi kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. "Nafasi ninayo. Nguvu ndiyo sina. Unataka nini?"

"Nataka nikufundishe pembetatu."

"Mimi? Mimi niliishia darasa la nne, mama yangu alipougua. Pembetatu zenu zina faida gani kwa mtu anayeuza ndizi?"

"Mwalimu kasema lazima."

"Haya, mwalimu," alisema Mama Matunda, akajiweka vizuri. "Fundisha. Lakini miguu haitoki kwenye maji."

Kinyonga alichora pembetatu kwenye karatasi, akaikata kwa mkasi. Kwenye kila pembe akatia alama ya wino. Kisha, taratibu kama kawaida yake, akazichana pembe zote tatu, akabaki na vipande vitatu vyenye ncha. Akavipanga sakafuni, ncha zote zikigusana mahali pamoja, kipande ubavuni mwa kipande.

"Umeona?" akasema. "Zimefanya mstari ulionyooka. Pembe tatu za pembetatu ukizijumlisha ni nyuzi mia na themanini, na nyuzi mia na themanini ndiyo huu mstari."

Mama Matunda aliinama. Kweli, upande wa chini vile vipande vilikuwa vimenyooka kama ukingo wa meza.

"Sawa," akasema. "Umechora vizuri."

"Si kwa sababu nimechora vizuri, Shangazi. Ni pembetatu yoyote."

"Yoyote?"

"Yoyote ile."

"Hata ikiwa nyembamba kama mwiba?"

Kinyonga akazungusha macho, kisha akachora moja nyembamba kama mwiba. Akakata, akachana, akapanga. Mstari. Mama Matunda akatoa mguu mmoja kwenye beseni.

"Chora iliyopanuka. Iliyolala, kama mtu kanyoosha miguu."

Mstari.

"Lete hapa huo mkasi," akasema Mama Matunda, na mguu wa pili ukatoka.

Alikata pembetatu saba jioni ile, kila moja amejitahidi kuiharibu awezavyo. Zote saba zilikuja zikalala kwenye mstari ule ule. Alipomaliza alibaki ameshika tama, sakafu imejaa makaratasi, maji kwenye beseni yamepoa.

"Nani aliziambia?" akauliza.

"Nani aliziambia nini, Shangazi?"

"Hizi. Moja ndefu, moja fupi, moja kilema. Hazijuani. Nani aliziambia zikubaliane?"

 Kinyonga alifungua daftari ukurasa wa nyuma, akaandika polepole: *Nani aliziambia zikubaliane?* Likawa swali lake la kwanza la wiki.

Kesho yake mezani, wateja walipopungua, Mama Matunda alijisemea kwamba labda kasoro ni ya mkono wake. Mkono wa mtu una mazoea, huenda unachora pembetatu za ukoo mmoja bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo akachukua mbegu tatu za tikiti, akazitupa juu ya kipande cha boksi bila kuangalia. Pale zilipoangukia akatia nukta, akaunganisha nukta kwa kisu, akachana pembe. Mstari. Akatupa tena. Mstari. Muuza magazeti wa jirani alimtazama kwa muda, akasogea.

"Dada, unapiga ramli?"

"Naomba uniachie kazi yangu," alijibu.

Siku nne alitupa mbegu. Hakupata hata moja iliyokataa. Na kitu fulani kikaanza kumwingia moyoni ambacho hakukijua jina. Haikuwa furaha hasa, wala haikuwa woga. Ilikuwa kama pale unapoingia kwenye chumba unachodhani ni kitupu, kisha unagundua kimya kimya kwamba yupo mtu, na alikuwepo muda wote. Alianza kuziona pembetatu kila mahali: kwenye mbao zilizobeba paa la jengo la wagonjwa wa nje, kwenye miguu ya mwavuli wake, kwenye kona ya leso. Zote zilikuwa zinatii jambo ambalo hakuna aliyezifunza.

Siku ya tano muuguzi mmoja alikuja mbio kutoka wodini.

"Mama Matunda, tuko wanane zamu ya leo. Nikatie tikiti zima, vipande vinane, na usipendelee mtu. Jana kipande kimoja kilizidi, tumenuniana mpaka saa ya kutoka."

"Leo hamtanuniana," alisema Mama Matunda. Akachagua tikiti la mviringo, mviringo kabisa kama mpira. Akalilaza, akalikata katikati, likawa mabakuli mawili. Kila bakuli akalifunika kifudifudi, akalipasua msalaba: kisu mara moja hivi, mara moja hivi. Vipande vinane, ndugu wanane wa tumbo moja. Muuguzi akavipakia kwenye sinia, akainua kidole gumba, akaondoka.

Mama Matunda alibaki na kisu mkononi.

Alikuwa amekata matikiti namna ile mara elfu, lakini leo macho yake yalikuwa yametoka shule. Akachukua tikiti jingine, la kwake mwenyewe, akalikata vile vile. Akainua kipande kimoja, akakigeuza upande wa ganda. Ganda lilikuwa na pande tatu. Pembe tatu. Pembetatu ya kijani, imevimba kama shavu.

Akaitazama pembe ya juu. Pale juu ndipo alipopiga msalaba, na msalaba una pembe nne zilizo sawa, kila moja pembe mraba, kama kona ya mlango. Hiyo moja. Akatazama pembe ya chini kulia, pale kisu cha kushuka kilipokutana na mkato wa katikati. Pembe mraba. Akatazama ya kushoto. Pembe mraba. Akachukua boksi tupu la dawa lililokuwa limetupwa karibu na lango, akaiegesha kona yake kwenye kila pembe ya ganda. Ikaingia. Ikaingia. Ikaingia.

Pembe mraba mbili peke yake tayari ni mstari ulionyooka. Hii ilikuwa na tatu.

Alivuta kigoda akaketi. Mteja aliuliza kama kuna papai akajibiwa "ndiyo" na asipewe. Sisimizi mmoja, wale ambao hawakosi kwenye meza ya matunda, alipanda kwenye kipande, akashika ukingo wa ganda na kuanza kuufuata kutoka chini kwenda juu. Mama Matunda alimtazama yule mdudu akipanda. Hakukata kulia wala kushoto. Alikwenda mbele, mbele, mbele, mpaka kileleni.

"Muuza magazeti," aliita. "Niangalizie meza. Naenda shuleni."

"Mtoto kafanya nini?"

"Mtoto hajafanya kitu. Tikiti ndilo limefanya."

Shule ilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Alikwenda na ndoo, ndani yake vipande vya tikiti lililokatwa na tikiti jingine zima, vimefunikwa kitambaa. Langoni mlinzi alimwuliza amebeba nini.

"Hesabu," alisema. Mlinzi akafunua kitambaa, akatazama, akafungua lango.

 Hakuwa amekanyaga ndani ya shule tangu siku ile alipoitwa nje ya darasa la nne na kuambiwa mama yake hawezi kusimama. Harufu ilikuwa ile ile, ya chaki na vumbi na madaftari yaliyolowa jasho. Alitaka kurudi. Akapiga moyo konde, akabisha mlango wa chumba cha walimu.

Mwalimu Rula alikuwa peke yake nyuma ya mlima wa madaftari, kalamu nyekundu mkononi. Alikuwa mtu wa makamo, shati limefifia kwenye mabega, macho ya mtu anayesahihisha kosa lile lile kwa mara ya arobaini.

"Karibu, mama. Nikusaidie nini?"

"Mimi ni shangazi yake Kinyonga. Yule anayejibu polepole."

"Aa, yule. Ndiye aliyeniletea swali la ajabu." Mwalimu akaweka kalamu chini. "Niliulizwa nani aliziambia pembetatu zikubaliane. Nimelala nalo siku tatu."

"Basi nimekuja na jingine," alisema Mama Matunda. Akatoa kipande kwenye ndoo, akakiweka juu ya kitambaa, ganda juu. "Hii imekataa."

Alimwonyesha kona moja moja kwa boksi la dawa. Mwalimu aliangalia kwa adabu, kisha akatabasamu kama mtu anayemwambia mgonjwa kwamba si kitu kikubwa.

"Mama, nimekuelewa. Lakini hii si pembetatu. Pembetatu lazima iwe na pande zilizonyooka. Hizi zimepinda."

Mama Matunda alihisi masikio yanawaka. Alikuwa amelitarajia neno hilo njia nzima, na bado lilimchoma.

"Mwalimu, kwangu amepita sisimizi," akasema. "Ameshika huu ukingo toka huku mpaka huku. Hakugeuka. Ungemuuliza yeye angesema amenyoosha. Sasa huyo sisimizi ambaye hawezi kutoboa tikiti apite ndani, anayeishi juu ya ganda tu, ungemwambia anyooshe namna gani zaidi ya hapo?"

 

Mwalimu Rula alichukua rula yake ya mbao akailaza juu ya ganda. Ikayumba, kama mtu aliyekalia mpira. Akaiweka pembeni, na hilo, watu wa shule ile wangekwambia, halikuwa jambo dogo. Akachana ukanda mwembamba wa karatasi, mrefu, ulionyooka, akaulaza kuufuata ukingo wa ganda. Karatasi ikalala kimya, bila kukunjamana upande wowote. Akaulaza ukingo wa pili. Ikalala. Wa tatu. Ikalala. Kisha akajaribu kuupitisha ukanda njia nyingine, ya kupinda kuelekea kando, na hapo karatasi ikajikunja na kuinuka upande mmoja.

Alikaa kitako taratibu.

"Umenyooka," akasema kwa sauti ndogo. "Kwa anayeishi juu ya ganda, umenyooka kabisa."

"Kwa hiyo kitabu kimekosea?"

"Hakijakosea. Kimenyamaza." Alijifuta uso kwa kiganja. "Mama, chuoni tuliwahi kusomeshwa hili. Saa moja tu, siku moja. Nikalikariri, nikalijibia mtihani, nikalisahau. Miaka kumi na tisa nafundisha nyuzi mia na themanini, na hakuna mtu aliyewahi kuja kuniambia ameona inakataa." Akainuka. "Nina kipindi sasa hivi na darasa lao. Njoo na hiyo ndoo."

Kinyonga alipomwona shangazi yake anaingia darasani na ndoo ya matikiti, alitamani ardhi ipasuke. Wenzake arobaini walianza kucheka chinichini. Mwalimu Rula hakuwakaripia. Aliweka kipande juu ya meza, akawaita wasogee wote, akasema, "Huyu mama amefanya kazi niliyowatuma ninyi. Tulieni mwone."

Kisha akamwachia Mama Matunda aeleze. Alieleza kama anavyoeleza bei, wazi na bila madoido: mkato wa katikati, msalaba, boksi la dawa, sisimizi. Hakuna aliyecheka tena. Mwalimu akapokea.

"Kila tulichofanya kwenye madaftari tulikifanya juu ya bapa," alisema. "Bapa ni sehemu iliyo sawa, tambarare, kama karatasi, kama ubao huu. Kwenye bapa, mia na themanini haikosei, leo wala milele. Lakini tikiti si bapa. Tikiti ni tufe. Na juu ya tufe, pembetatu inavimba, na pembe zake zinazidi." Akawageukia wote. "Sasa niambieni. Sisi hapa tumesimama juu ya nini?"

 Mtoto mmoja wa mbele akatazama sakafu.

"Dunia," akasema.

"Dunia ina umbo gani?"

Mama Matunda aliona nyuso zinabadilika moja baada ya nyingine, kama taa zinavyowashwa kwenye jengo. Mwalimu aliinua lile tikiti zima, akaweka kidole juu kabisa. "Ukianzia hapa, kwenye ncha ya kaskazini, ukashuka moja kwa moja hadi ikweta. Ukageuka pembe mraba, ukaifuata ikweta robo ya mzunguko. Ukageuka tena pembe mraba, ukapanda. Utarudi pale pale ulipoanzia. Umegeuka mara mbili tu, na umefunga pembetatu yenye pembe mraba tatu. Ndiyo hii ya mama. Sisi ndio sisimizi."

Mama Matunda alijishika kwenye ukingo wa dawati.

Mkono ukainuka nyuma, polepole. Ulikuwa wa Kinyonga. Mwalimu akangoja. Darasa zima likangoja, na safari hii hakuna aliyeguna.

"Mwalimu," akasema baada ya kuzungusha macho, "mbona basi pembetatu za hapa hazizidi? Tulipopima uwanja wa mpira, zilikuja mia na themanini."

"Unadhani kwa nini?"

Kinyonga akasogea mezani. Akachukua kalamu ya wino, akachora juu ya ganda pembetatu ndogo sana, ndogo kama ukucha. Akaikodolea macho. "Hii ni ndogo," alisema, akitafuta maneno. "Haioni kwamba tikiti limevimba. Yenyewe inadhani iko kwenye karatasi."

"Endelea."

"Kwa hiyo ya uwanjani nayo inazidi. Ila inazidi kidogo mno."

"Kidogo mno," alisema Mwalimu Rula. "Hakuna chombo shule hii cha kukipima hicho kidogo. Lakini kipo."

Tikiti lilikatwa, likaliwa na watu arobaini na watatu, kila mtu akipewa kipande chembamba chenye ganda lake. Walikula wakigeuzageuza maganda, wakiyatazama kama barua walizoandikiwa wao.

Saa za kutoka, shangazi na binti waliondoka pamoja, ndoo tupu ikining'inia kati yao, kila mmoja ameshika upande. Jua lilikuwa bado kali. Walipofika kwenye kiwanja kikubwa nyuma ya maghala, Mama Matunda alisimama. Mbele yao ardhi ilikuwa wazi, sawa, mpaka kwenye tangi la maji lililo mbali.

"Simama hapo," alimwambia Kinyonga. Mwenyewe akaenda kando hatua hamsini, akahesabu kwa mdomo. Akatazama: yeye, mtoto, tangi. Tatu. Akaangalia ule udongo mkavu uliokuwa katikati yao, wenye nyasi chache na mfuko uliopeperushwa na upepo. Aliutazama muda mrefu. Ulikuwa umelala tambarare kama meza. Na ulikuwa umevimba. Nyumba zote zilikuwa juu yake, na hospitali, na kaka yake na lori lake barabarani huko, wote juu ya uvimbe ule mmoja ambao jicho haliuoni, na yeye ndiye aliyeuona, kwa kisu cha kukatia matunda.

Alivua viatu. Hakujua kwa nini. Alitaka tu nyayo ziguse.

Kinyonga alimngoja bila kumharakisha. Shangazi aliporudi, akashika upande wake wa ndoo, wakaendelea na safari. 

"Kesho mwalimu anaanza mada mpya," Kinyonga alisema baadaye.

"Ipi?"

"Namba zilizo chini ya sifuri."

Mama Matunda alisimama tena katikati ya njia, mwendesha baiskeli akamkwepa akilalamika.

"Chini ya sifuri? Kuna kitu chini ya sifuri?"

"Kasema kuna namba zisizo na mwisho."

Shangazi alimtazama yule mtoto, akatazama mbele, akakaza mkono kwenye mpini wa ndoo.

"Tembea," akasema. "Tembea upesi, mwanangu, ukanieleze."

"Lakini Shangazi, sisi tutafundishwa kesho."

"Basi kesho usije kuchukua nusu saa kuvaa viatu."